Saa za Hesabu Ulizonishikia

Papa Bona,

Inspekta amekuja. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ningeanza na machozi ungeniambia nifute ubao kwanza, halafu tuongee. Alikuja Jumanne, akaketi nyuma ya darasa langu la pili B kwenye benchi ya watoto, magoti yakamfika karibu na kidevu, na somo alilotaka kuliona ni hesabu. Si kuimba, Papa. Si kuchora. Hesabu.

Ni mimi Zawadi, jirani yako wa ukuta wa mbao. Ni wiki saba sasa tangu tukuzike, na sijakuandikia kwa sababu nilikuwa na aibu. Kuna neno nilipaswa kulisema ukiwa hai. Limetoka kinywani mwangu Jumanne hiyo, limechelewa miaka minne, na wewe uliyekuwa na haki ya kulisikia hukuwepo. Acha nikueleze taratibu, hatua kwa hatua, bila kuruka, kama ulivyopenda.

Kwanza habari za shule. Darasa lako, la pili A, wamempa kijana mmoja anaitwa Monsieur Dieumerci, amemaliza ualimu juzi tu. Ana mashati mazuri na woga mwingi. Siku ya kwanza watoto wako walimtazama mifukoni, wakingoja atoe vifuniko vya chupa vya kuhesabia. Alipotoa kitabu peke yake, mmoja akamuuliza, "Monsieur, na bile bifuniko?" Maskini, alidhani wanamwomba soda.

Mto umejaa. Asubuhi tukivuka kutoka upande wa mjini kuja Lubunga, mwenye pirogi bado anaacha nafasi yako pale mbele ya mtumbwi, halafu anakumbuka, anamwita mtu mwingine akae. Mimi siketi hapo. Mama Régine, mke wako, yupo, anakula kidogo. Tangu msiba nampitia kila Jumamosi na samaki wawili au fungu la matembele, na kila nikifika ananiita binti yake. Neno hilo lilikuwa likinichoma, Papa, na utaona kwa nini.

Kwenye matanga yako niliimba. Watoto wa madarasa yetu yote mawili walijipanga mbele ya turubai, na mimi ndiye niliyewaongoza. Ubeti wa pili sauti yangu ilikatika kabisa, nikasimama pale nimeshika kitambaa mdomoni. Watoto waliendelea bila mimi. Waliimba sawasawa, sauti ya juu na sauti ya chini, hakuna aliyepotea. Na wako pia, Papa, siyo wangu tu. Nikawaza, angalau sehemu yangu ya mapatano yetu niliifanya vizuri.

Mapatano yetu! Hakuna aliyeyajua yote ila sisi wawili. Serikali inataka mwalimu wa shule ya msingi ajue kila kitu: dini na uraia asubuhi, kisha kusoma, kuandika, hesabu, Kifaransa cha kuongea, mambo ya mimea na wanyama, halafu kuchora, kazi za mikono, kuimba, mazoezi ya mwili. Mtu mmoja, chaki moja. Ni kama kumwambia mama wa sokoni auze samaki, ashone nguo na asuke nywele, kwenye meza ileile. Wengi wanaweza, nawavulia kofia. Mimi sikuweza, na wewe uliligundua hilo nikiwa sijamaliza hata mwezi mmoja hapa shuleni.

Unakumbuka? Mimi nakumbuka hata rangi ya chaki, ilikuwa ya njano. Nilikuwa nimeandika ubaoni 62, nitoe 38. Nikafanya kama nilivyokuwa nikifanya tangu utoto wangu: katika kila safu, namba ndogo inatoka kwenye kubwa, iwe juu au iwe chini. Mbili na nane, sita. Sita na tatu, tatu. Nikaandika 36, na darasa zima likasoma pamoja nami kwa nguvu: thelathini na sita! Mbao za ukuta wetu zina nyufa za kupitisha kidole. Ulisikia.

Ukabisha hodi. "Madame, pardon, chaki yangu imeisha." Nikakupa. Ulipokuwa unatoka ukachukua kitambaa changu, ukasema, "Ubao iko muchafu, acha nikusaidie," ukaufuta wote, kona hadi kona, na ile thelathini na sita ikaenda na vumbi. Watoto walidhani wewe ni mzee mwenye adabu. Mimi niliona mfukoni mwa shati lako chaki tatu nzima.

Saa ya mapumziko ulikuja na mikate ya mafuta kwenye karatasi, ukakaa kwenye kizingiti, ukaanza kujisema vibaya. "Madame Zawadi, miye niko na aibu moja. Sijue kuimba. Batoto bangu banaimba sawa mbuzi ya kwenda sokoni. Bon, tubadilishe saa: weye utashika chant, dessin na gymnastique kwangu, miye nitashika calcul kwako." Mimi nyimbo, michoro na mazoezi ya mwili, wewe hesabu: niliichukua kama bahati. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba mtu aliyesaidiwa siku ile alikuwa mimi, na kwamba ulitanguliza aibu yako ili yangu isionekane. Tangu siku hiyo mpaka ulipokufa ni miaka sita, na hukuwahi kuitaja ile 62 kwa mdomo wako, hata kwa utani. Wewe, uliyetania kila kitu!

Sikuwahi kukueleza hofu ile ilitoka wapi. Huko Kindu, darasa la tano, mwalimu wetu alinisimamisha ubaoni na hesabu ya kugawanya, akaniambia sikai mpaka nimalize. Nilisimama kipindi kizima. Wenzangu walicheka mpaka wakachoka, wakaacha kucheka, na ule ukimya ndio ulikuwa mbaya zaidi. Tangu hapo nikiona namba zimepangana katika safu mbili masikio yangu yanaziba. Shule ya ualimu niliipita kwa sauti yangu, kwa michoro yangu, na kwa daftari la jirani.

Na karatasi za maandalizi, zile fiche! Kila mwalimu anadaiwa fiche ya kila somo kwa mwandiko wake. Basi kila jioni uliniandikia za hesabu, na mimi kila asubuhi kwenye pirogi nilizinakili magotini, neno kwa neno, bila kusoma. Nilikuwa nanakili kama mashine. Siku moja Direkta alipitia fiche zangu akaniuliza, "Madame, hii 'leo kikohozi, ongea polepole' ni hatua gani ya somo?" Kikohozi chako, Papa! Nilikuwa nimekinakili pamoja na kutoa kwa makumi. Nilimjibu kwamba ni mimi ninayekohoa, ikabidi nikohoe mpaka Ijumaa. Ulicheka hadi ukashika mti wa bendera, nami nikakuapia kwamba ni siku hiyo tu nilinakili kwa usingizi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Miaka minne iliyopita Direkta alikukuta darasani kwangu saa ya hesabu. Akatuita ofisini. Akauliza nani aliyeanzisha jambo hili. Ulinitazama mara moja tu, halafu ukatazama dirisha, ukaniachia mimi nijibu. Nikajibu. Nilisema, "Ni Papa Bona aliyeniomba. Yeye hajui kuimba." Kila neno lilikuwa kweli, na jibu lote lilikuwa uongo. Nilingoja useme. Hukunikanusha. Wakakuletea demande d'explication, ile karatasi ya kujieleza, nawe ukaandika kwa mwandiko wako mzuri kwamba ulifanya hivyo kwa udhaifu wako katika kuimba, ukatia sahihi peke yako. Mwaka ule walikuwa wanatafuta msaidizi wa direkta, na shule nzima ilijua ni wewe. Hukuchaguliwa. Walisema mtu anayekimbia saa zake hawezi kusimamia saa za wengine.

Jioni ile kwenye pirogi uliongea juu ya maji tu, kwamba yameshuka, kwamba samaki watapanda bei kwenye soko la Yanonge. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Nilitazama shingo yako njia nzima na sikufungua mdomo. Nilijiambia nitasema kesho. Unajua ilivyokuwa hiyo kesho.

Na wewe, badala ya kunikasirikia, ulifanya nini? Ulitoa mbao mbili ukutani! Kwa kuwa tumekatazwa kubadilishana madarasa, ukafungua tundu, ukawa unafundisha hesabu kwa sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo ya mto, na darasa langu likafuata kupitia pale, mimi nikiandika ubaoni kwangu kile ulichoandika kwako, na saa ya kuimba watoto wako wakafuata sauti yangu kupitia hapohapo. Direkta alipouliza ukamjibu kwa uso mkavu, "Ni muchwa, Direkta. Muchwa ya huku Lubunga iko na njaa." Watoto wangu walijifunza kuhesabu kupitia tundu la mchwa. Ningecheka kama nisingekuwa na ile karatasi yako moyoni.

Ulipokufa, Direkta alileta fundi akapigilia mbao mpya. Nilisikia kila msumari.

Unataka kujua nilifundishaje hesabu baada ya hapo? Sikufundisha. Saa ya hesabu niliwapa watoto kuandika namba, moja hadi mia, kwa kalamu za rangi, kila namba na kofia yake na maua yake. Nadhani Lubunga nzima hakuna watoto wenye namba nzuri kama wale, na hawakujua la kufanya nazo. Kuna mtoto wangu mmoja, Esengo, binti wa wavuvi, kichwa chepesi, mdomo mwepesi zaidi. Aliniletea daftari lake lililojaa 7 za kijani akaniuliza, "Madame, sasa tunaifanya nini?" Nilimwambia azipake nyekundu. Aliniangalia, Papa. Mtoto wa miaka saba alinijua.

Ndipo Direkta akatangaza: Inspekta Jumanne, darasa la pili, hesabu, kutoa kwa makumi na maswali ya kusoma. Wazo langu la kwanza lilikuwa kusingizia malaria. Nilianza hata kujishika kichwa mbele ya watu. Lakini Jumamosi, badala ya kwenda kwa Mama Régine asubuhi kama kawaida, nilifunga mlango, nikashusha kabatini fiche zangu za miaka yote sita. Mvua ilikuwa inapiga bati, umeme haukuwepo, nikavuta meza karibu na dirisha. Na kwa mara ya kwanza nikasoma kilichoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Uliandika: "Wape vijiti. Kumi kumi, funga na uzi." Nikavunja ufagio wa chelewa, nikafunga. Uliandika: "Sitini na mbili ni mafungu sita na vijiti viwili. Waulize: nane itatoka wapi, kwenye viwili haiko? Hapa ngoja. Usisaidie upesi." Nikangoja, Papa, peke yangu mezani, mtu mzima mwenye watoto wawili. Halafu nikafungua fungu moja. Vijiti kumi vikamwagika vikajumlika na vile viwili, nikatoa nane, vikabaki vinne. Mafungu yamebaki matano, toa matatu, mawili. Ishirini na nne. Nikarudia na namba nyingine, na nyingine. Ilikuwa ile ile kila mara. Nilikasirika kwanza, niseme ukweli. Nilipiga meza. Ni hii tu? Miaka yote hii nimejificha nyuma ya mgongo wa mzee wa watu kwa sababu ya fungu la vijiti?

Nikakukasirikia na wewe. Kwa nini hukunifundisha? Kwa nini ulinificha vizuri hivyo?

Kisha nikafungua fiche iliyofuata, na pembeni, kwa mwandiko wangu, safi kabisa, nikakuta imeandikwa: "Madame, leo weye ujaribu hatua ya mwisho? Miye nitakaa nyuma." Nikafungua nyingine. "Madame, hii iko mwepesi, tushike pamoja?" Nyingine, ya mwaka wa pili: "Madame, hakuna mutu atacheka." Ulikuwa unaniandikia mimi! Na mimi nilikuwa nanakili mwaliko wako kama sehemu ya somo, naweka nukta, nautia kabatini. Nilizikuta kumi na moja. Mara kumi na moja uliniita polepole, kwa njia ambayo isingeniaibisha, na mara zote ulidhani nimesoma nikakataa. Hukusisitiza. Nililia pale, siyo kilio cha matanga, bali kile kibaya, cha kuishiwa pumzi. Nisamehe. Sikukataa, Papa Bona. Sikusoma.

Jumanne ikafika.

Vijiti vilikwenda vizuri. Mafungu yalijua kazi yake. Kisha tukaingia kwenye swali la kitabu, lile unalolijua: "Mama ana viti kumi na viwili. Wageni ni tisa. Je, viti vinatosha?" Nikalisoma kwa sauti. Esengo akanyoosha mkono. "Madame, kiti inatosha nini? Kiti haiko na mikono."

Inspekta akainua kichwa. Watu waliokiandika kitabu ni watu wa Kiswahili cha vitabuni, na kwao kutosha ni kile sisi tunachoita kuenea. Hapa kwetu kutosha ni kuondoa: tosha viatu, tosha takataka, tosha mkono wako kwenye sahani ya mwenzako. Watoto walisikia kwamba viti vya huyo mama vinaondoa kitu. Kwenye fiche yako ya somo hili ulikuwa umeandika: "Neno tosha: acha wakosee kwanza." Nikaacha. Wakaamua kwamba viti haviwezi kuondoa, basi ni mama anayeviondoa, wakaandika kumi na mbili kutosha tisa, tatu. Darasa zima. Inspekta akasema kutoka kule nyuma kwamba swali halikuomba kutoa, swali linataka ndiyo au hapana.

Masikio yangu yakaanza kuziba kama Kindu. Nilitazama ule ukuta mpya. Lakini Esengo alikuwa bado amesimama, na kwake Inspekta ni mgeni tu kama mgeni mwingine. "Batu tisa banakaa," akamwambia, akionyesha kwa vidole. "Unatosha viti tisa, inabaki tatu. Donc inaenea."

Na hapo nikaona, Papa. Ukitaka kujua kama kitu kinatosha kwa Kiswahili chao, ni lazima ukitoshe kwa Kiswahili chetu. Watoto hawakukosea hesabu hata kidogo, walitangulia tu kuifanya kabla ya kujua wameulizwa nini. Nilieleza hivyo ubaoni, maneno yote mawili, moja juu ya lingine, na nilisikia sauti yangu ni imara. Inspekta akanipa swali lake mwenyewe: viti arobaini na moja, wageni ishirini na sita. Nikafungua fungu. Kumi na tano, inaenea. Watoto wakapiga makofi bila kuambiwa.

Kengele ikalia, watoto wakatoka. Inspekta akafunga daftari lake, anatabasamu, Direkta pembeni yake anatabasamu zaidi, na akaniuliza, "Très bien, Madame. Umefundisha hesabu miaka mingapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Sita. Lingekuwa kweli kwenye makaratasi yote, na wewe usingeweza kupinga. Nikafikiria ofisi ile, na namna ulivyotazama dirisha.

Nikasema, "Tangu Jumamosi, Bwana Inspekta."

Walidhani natania. Nikawaambia yote, nimesimama, mkono kwenye vijiti. Kwamba miaka sita hesabu ya darasa hili ilifundishwa na Papa Bonaventure, kwanza kwa mlango, halafu kwa ukuta. Kwamba mimi sikujua kutoa. Kwamba aliposema udhaifu ni wake alikuwa anaandika jina lake juu ya udhaifu wangu, na mimi nilimwacha, nikamwacha apoteze na kazi ya usaidizi. Direkta alikohoa, akasema faili ya marehemu imefungwa, tusifukue. Nikamwambia basi afungue yangu, kwa sababu karatasi ile imekosea nyumba. Nimeandika maelezo yangu siku hiyohiyo, nakala tatu, na nimetia sahihi. Inspekta alisema ataandika alichokiona na alichokisikia. Mwisho wa mwaka wataamua kama nabaki na darasa. Usiku huo nililala, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya vizuri kwa miaka minne.

Nakala moja niliipeleka kwa Mama Régine. Nilimsomea mwenyewe, sikutaka asikie kwa jirani. Nilifikiri, sijui, labda atanishika mkono. Hakunishika. Aliweka mwiko wake chini. Unajua nyumbani kwako walikuwa na mchezo wa kukucheka kila Noeli, kwamba ulikosa cheo kwa sababu ya sauti ya mbuzi. Yeye ndiye alikuwa kinara wa kucheka, na wewe ulicheka pamoja nao. "Miaka ine, Zawadi," akaniambia. "Miaka ine nilikuwa namucheka bwana yangu." Hakuniita binti yake. Akaniomba nitoke, kwa adabu, akafunga mlango polepole. Ana haki. Jumamosi hii nitapiga hodi tena na samaki wangu, na nyingine, na nyingine. Akifungua nitaingia, asipofungua nitaacha mlangoni.

Monsieur Dieumerci alikuja jana saa ya mapumziko, akazunguka-zunguka, mwishowe akasema watoto wake hawataki kuchora naye, wanasema kuku wake ni viatu. Nilimwambia alete kiti, akae nyuma ya darasa langu saa ya kuchora, aone nafanyaje, na wiki ijayo atafanya mwenyewe, mimi nitakaa nyuma. Simchukulii saa zake. Wewe ulinishikia zangu kwa upendo, sitalisahau, lakini ningependa yeye asifike umri wangu akiwa bado anajificha.

Nimesikitika, Papa Bona. Nimesikitika kwamba ulikufa ukidhani nilikataa. Ningetoa nyimbo zangu zote ili siku moja tu ukae nyuma kwenye ile benchi, unione nafungua fungu.

Pumzika sasa. Umefanya kazi ya watu wawili, inatosha, kwa Kiswahili chochote unachotaka. Na nakuahidi hili: hakuna mtu atakayetia tena sahihi mahali pangu. Kesho asubuhi, kabla ya mapumziko, darasa la pili B lina hesabu.

Nitafundisha mimi.

Zawadi